Mkisikia Sauti, Ni Redio

Ukitaka kumjua Bwana Stoo, mtazame anavyofunga mlango. Watu wengine huzungusha ufunguo wakaondoka zao. Yeye hufunga, hutikisa kufuli mara tatu, hurudi nyuma hatua mbili akalikagua, kisha hulirudia akalitikisa tena kama vile limemjibu jeuri. Miaka kumi na tisa sasa alikuwa mtunza stoo kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, na huko stoo haifungwi na mtu mmoja. Mmoja hufunga kufuli, mwingine hubandika karatasi katikati ya mlango na fremu, akatia saini na tarehe. Karatasi ikichanika, basi kuna mtu kaingia. Desturi hiyo Bwana Stoo aliibeba mpaka nyumbani kwake. Chumba cha watoto, karatasi. Kabati la vyombo vya wageni, karatasi. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa akisema kwamba siku moja ataamka ajikute naye kabandikwa.

Jirani yake wa ukuta, Mama Makochi, alimjua kuliko alivyotaka kumjua. Mama huyu alikuwa fundi wa kushona makochi. Uani kwake, chini ya paa la bati, alikuwa anang'oa vitambaa vilivyochakaa, anabadilisha sponji, anakaza mikanda, anapigilia misumari midogo yenye vichwa vya duara, mmoja mmoja, kwa mstari ulionyooka kuliko barabara zetu. Binti yake alikuwa ameolewa mbali, yeye akabaki na kazi yake na ulimi wake, na vyote viwili vilikuwa vikali. Zamani yeye na Mama Pacha walikuwa chanda na pete. Walipeana chumvi juu ya ukuta, wakataniana, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Hiyo ilikuwa kabla ya msumari.

Mwaka jana, msimu kama huu wa sikukuu, familia ya Bwana Stoo ilirudi safarini ikakuta mlango wa nyuma umebomolewa. Televisheni hakuna, mtungi wa gesi hakuna, hata pasi imekwenda. Bwana Stoo akapiga magoti sakafuni, akaokota msumari mmoja mdogo wa makochi. Msumari, jamani! Akasahau kabisa kwamba kochi lake mwenyewe lilishonwa na huyohuyo Mama Makochi miezi miwili kabla, na kwamba watoto wake walikuwa wanalirukia kama chura. Akaufunga ule msumari kwenye karatasi, akaandika tarehe, akaupeleka polisi.

Polisi walikuja na visu. Walichana makochi ya wateja, moja baada ya jingine, wakitafuta televisheni ndani ya sponji. Hawakupata kitu. Mama Makochi alilala kituoni siku mbili, akatolewa bila maelezo, akarudi nyumbani kukuta uani kumejaa matumbo ya makochi. Hakuna aliyemwomba radhi. Wateja walikuja kuchukua mabaki yao kimyakimya, na wanawake aliozoea kupiga nao soga wakaanza kubana mikoba kwapani akipita. Mwaka mzima alikula kwa taabu. Ndiyo kwanza mwezi huu daktari wa meno wa mtaa wa pili alimletea viti vya chumba cha kusubiria wagonjwa, na alipovishusha alimwambia waziwazi, "Mama, nimekuamini. Usiniangushe." Mama Makochi aliyaweka maneno hayo moyoni kama dawa. Likitokea jambo jingine, hata dogo, basi jina lake ndiyo limezikwa.

Alhamisi jioni, siku moja kabla ya wengi kusafiri, mtaa ulifanya kikao cha ulinzi. Aliyekiongoza ni Afande, askari mstaafu mwenye kitambi na filimbi shingoni, ambaye kila sikukuu alikusanya wanaume waliobaki mtaani wakazunguka na marungu. Bwana Stoo akasimama mbele ya watu wote.

"Kesho naondoka na familia yangu, nyumba inabaki tupu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Redio nitaiacha inaongea ili wezi wadhani kuna watu. Kwa hiyo, jirani zangu, mkisikia sauti, ni redio. Mkisikia mtu anakohoa, ni redio. Msihangaike."

Akamtazama Mama Makochi moja kwa moja aliposema hivyo, na watu wote wakafuata macho yake. Mama Makochi alihisi uso unamwaka. Akakaza macho kwenye kandambili zake, akajisemea kwamba hata nyumba ile ikiungua, hatapeleka hata kikombe cha maji.

Ijumaa asubuhi wakaondoka kweli, mabegi juu ya teksi, pacha wakipiga kelele. Jioni redio ilikuwa inaongea: habari, muziki, matangazo, mpira. Jumamosi, katikati ya muziki, Mama Makochi akasikia kitu kama mtu anagonga bati. Mchezo wa redio huo, akajiambia. Usiku akasikia mtu analalamika kwa sauti nzito. Akajifunika shuka mpaka kichwani. Si yake.

Jumapili alasiri alikuwa anashona mto wa kiti cha daktari kwa cherehani ya umeme, mara mashine ikazima katikati ya mshono. Feni ikazunguka polepole ikasimama. Mtaa mzima ukatulia; kila redio, kila jokofu, kila kinu cha kusaga. Umeme umekatika.

Na ndani ya ule utulivu, kutoka ng'ambo ya ukuta, mtu akasema, "Maaaji."

Mama Makochi alibaki na kitambaa mkononi. Akasubiri. Sauti ikaja tena, ndogo, imekauka, bila muziki nyuma yake wala mtangazaji. Akaitupa ile kazi, akatoka mbio na mkasi bado mkononi. Njiani akaukumbuka, akautia mfukoni, maana mtu kama yeye hakimbii na mkasi karibu na nyumba ile.

Afande alikuwa kwenye kibanda chake pale kona, anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Afande, kwa Bwana Stoo kuna mtu ndani. Anaomba maji."

"Redio hiyo."

"Umeme umekatika, Afande! Redio gani inaongea bila umeme?"

"Ya betri. Yule ni mtu wa mipango, unadhani angekosa betri?" Afande akacheka, kisha kicheko kikakatika. Akamwangalia Mama Makochi toka juu hadi chini. "Na wewe masikio yako yanafanya nini kwenye nyumba ile? Sikiliza, dada. Nakuheshimu. Lakini katika mtaa huu wote, wewe hasa, kaa mbali na ule mlango. Vijana wana hasira mwaka huu. Wakikukuta pale mimi sitaweza kuwazuia."

Hakuwa anamtisha, alikuwa anamwambia ukweli, na hilo ndilo lililomtia baridi. Sikukuu iliyopita, mtaa wa jirani, mtu alikutwa amesimama tu kwenye geti lisilo lake. Mpaka leo anatembelea mkongojo. Kwenda polisi? Polisi walimjua kwa sura, na wangeanza kwa kumuuliza alijuaje. Mama Makochi akarudi nyumbani na miguu mizito.

Akakaa kwenye kiti cha daktari, simu mkononi. Namba ya Mama Pacha hakuwahi kuifuta. Mara ngapi alitaka kuifuta akashindwa! Akapiga moyo konde, akaibonyeza.

"Haloo?"

"Mama Pacha, ni mimi jirani yako. Tafadhali usikate."

Watoto walikuwa wanacheka mahali fulani nyuma.

"Unataka nini?"

"Nyumbani kwenu kuna mtu?"

"Kwa nini unataka kujua kama nyumbani kwangu kuna mtu?"

Weh! Mama Makochi alifumba macho. Swali lenyewe lilikuwa la haki, na lingemfaa hakimu yeyote.

"Nisikilize, mwenzangu. Baba Pacha mko naye hapo?"

"Yuko kazini. Tulipofika tu stendi Ijumaa akapigiwa simu arudi, wanahesabu mali ya mwisho wa mwaka. Simu zao huwa wanaziacha getini. Kuna nini? Wewe, kuna nini?"

Kisha mtandao ukameza sauti yake. Mama Makochi akapiga tena, na tena. Haipatikani.

Jana alipita mbele ya lile ghala akienda kununua nyuzi. Geti lilikuwa na mnyororo na tangazo: tumefunga mpaka baada ya sikukuu. Hakuna mtu aliyekuwa anahesabu chochote. Basi mume wa mtu alimdanganya mkewe, akageuka kutoka stendi, na tangu Ijumaa hakuna aliyemwona. Na pale ndani mtu anaomba maji. Hesabu hiyo haikuhitaji mtunza stoo.

Akakimbia tena kibandani. Afande hakuwepo, doria ilikuwa imepanda juu kule kwenye nyumba kubwa. Alipopiga kelele kumwita, mbwa ndiye aliyemjibu.

Akarudi, akavuka geti la Bwana Stoo. Mguu wake ulikuwa haujakanyaga ua ule mwaka mzima. Akasogea dirisha lenye nondo na mapazia mazito, akaita kwa sauti ya chini, "Baba Pacha?"

Mle ndani mlikuwa na mkoromo. Mkoromo ukakoma papo hapo.

"Baba Pacha, ni mimi, Mama Makochi. Uko humo?"

Akaweka sikio kwenye kioo. Hakuna. Hata pumzi. Amekufa, akawaza, amekufa sasa hivi, mimi nimesimama hapa naogopa majirani.

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa nje, kufuli kubwa la shaba kwenye komeo la chuma. Katikati ya mlango na fremu palikuwa na karatasi: IMEFUNGWA. ISIGUSWE. Tarehe ya Ijumaa, na saini, ile yenye mkia mrefu ya mdogo wake Bwana Stoo, ambaye alikuwa akija kumsaidia kufunga kila wanaposafiri. Mlango umefungwa kwa nje na mtu yumo ndani. Mama Makochi hakuelewa, na hakuwa na muda wa kuelewa. Alielewa kitu kimoja tu: akiigusa ile karatasi, yeye ndiye mwizi. Leo na siku zote. Daktari atakuja kuchukua viti vyake bila kumtazama usoni, na hata binti yake huko alikoolewa watamnyooshea kidole.

Ingekuwa mimi, sijui. Wallahi sijui.

Yeye alirudi uani kwake, akachukua mtaimbo mfupi anaong'olea misumari migumu, na nyundo. Alitembea barabarani navyo mchana kweupe, mbele ya madirisha yote, kwa sababu alijua akivificha itakuwa mbaya zaidi. Akachomeka ncha ya mtaimbo nyuma ya komeo, akapiga nyundo. Mlio ulisikika mtaa mzima. Skrubu ya kwanza ikatoka na kipande cha mbao. Ya pili ilikataa. Alikuwa anapiga huku anasema peke yake, "Mpuuzi wewe, mpuuzi, mpuuzi," na hata yeye hakujua anamwambia nani. Komeo likang'oka, karatasi ikachanika katikati, mlango ukafunguka.

Ndani kulikuwa na giza na joto, na harufu ya mkojo. Akapita sebuleni, akaingia ukumbi mwembamba wa kwenda jikoni. Hapo ndipo alipoliona kabati la chuma, lile refu la mafaili, limelala kifudifudi sakafuni. Chini yake ulitoka mwili wa mtu kuanzia mapajani kwenda juu. Midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Alikuwa Bwana Stoo, na mkononi alikuwa na panga.

Mama Makochi alipoinama, lile panga likanyanyuka shibiri moja, likamkosa mguu, likaangukia vigae. Mtu mwenyewe hakuwa na nguvu ya kukata hata mkate.

"Nimekukamata," alisema Bwana Stoo.

"Nini?"

"Nilijua tu utakuja. Nilinyamaza ili uingie. Nimekukamata."

Mama Makochi akalisukuma panga kwa mguu. Akasimama. Sasa ndipo alipoona vitu vingine: godoro dogo nyuma ya mlango wa ukumbi, tochi kubwa, kamba ya kumfungia mtu, daftari na kalamu ya kuandikia saa atakayoingia. Mambo yote yakamfungukia kwa mpigo. Safari ya mbele ya watu, tangazo la redio, yale macho kwenye kikao. Kila kitu kilipangwa ili yeye ajue nyumba ni tupu, na ili akisikia mtu anakohoa asiogope. Mtu huyu alimwacha mkewe stendi, akajifungisha na mdogo wake kwa kufuli na saini kama mfuko wa saruji, akasukuma kabati kuziba mlango wa nyuma ili abaki na njia moja tu ya kuitazama. Kabati likamwangukia. Simu iko sebuleni kwenye chaji, redio inapiga kelele chumbani, na mtaa mzima umeambiwa usihangaike. Ametega mtego wake vizuri, ukamnasa mwenyewe.

Hebu jiweke pale. Mwaka mzima wa kubaniwa mikoba. Siku mbili kwenye sakafu ya polisi. Angeweza kutoka, kuurudisha mlango, kwenda kumalizia mto wa kiti, na hakuna mtu duniani angemlaumu kwa kutosikia redio. Nakwambia alilifikiria. Aliligeuza kichwani, akaona lilivyo rahisi, na ile raha ya kulifikiria ikamtisha. Alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote, na mtu yule alikuwa anakufa kwa kiu mbele ya miguu yake.

Akaenda jikoni, akachota maji, akarudi akapiga magoti.

"Kidogo kidogo," alisema. "Ukinitapikia nitakuacha hapa hapa."

Bwana Stoo alikunywa. Maji yakamtiririka shingoni. Alikuwa anamkodolea macho juu ya ukingo wa kikombe, na mama hakusoma ndani yake shukrani wala aibu, aliona tu mtu anayepiga hesabu inayokataa kukubali.

Akaleta mito miwili ya kochi, ile aliyoishona mwenyewe. Akachomeka mtaimbo chini ya ukingo wa kabati, akautegemeza juu ya nyundo, akaning'inia kwa uzito wake wote. Kabati likainuka kidogo. Akausukuma mto kwa mguu, akapumzika, akarudia kwa mto wa pili. Mara umeme ukarudi, na redio chumbani ikalipuka kwa tangazo la sabuni, kwaya nzima inaimba. Alishtuka nusura aachie.

"Sasa nitakuvuta. Itauma."

Alimshika makwapani akavuta. Bwana Stoo alipiga ukelele uliofunika redio, sabuni na kila kitu. Mguu ulitoka umegeuka upande usio wake.

Na nje, karibu kabisa, filimbi ikalia.

Watu watano, sita, waliingia kwa kusukumana. Waliona walichokiona: komeo limeng'olewa, karatasi imechanika, panga sakafuni, mwenye nyumba anapiga mayowe, na juu yake Mama Makochi, jasho linamtoka, mtaimbo kauokota tena mkononi. Nani angeuliza swali? Mmoja alimkunja mkono nyuma. Mwingine akampiga rungu begani, akaanguka ukutani, na ladha ya damu ikamjaa mdomoni.

"Nilikwambia!" Afande alipiga kelele, na sauti yake ilikuwa karibu ya kulia. "Si nilikwambia ukae mbali?"

"Tumtoe nje," alisema mtu nyuma. "Humu hamna nafasi."

Mama Makochi alijua nafasi hiyo inatakiwa ya kufanyia nini. Alitaka kusema, ulimi ukagoma, yeye ambaye ulimi haukuwahi kumgomea. Akamtazama Bwana Stoo. Katika watu wote waliokuwa wanamwona mle ndani, ni yeye tu aliyejua, na ndiye aliyekuwa ameingoja saa hii hii kwa mwaka mzima.

"Bwana Stoo," Afande aliinama, "sema neno moja tu. Umemkuta anaiba?"

Bwana Stoo alifumba macho. Redio ilikuwa inaimba sabuni. Muda ukapita, mrefu, rungu likiwa juu. Mama Makochi aliona koromeo lake likipanda na kushuka, na akawaza: anyamaze tu kidogo zaidi, na kesho atasema alizimia.

"Mwacheni," alisema Bwana Stoo.

"Unasemaje?"

"Mwacheni, nimesema! Siku mbili nimeita. Nimegonga kabati mpaka mkono umevimba. Mtaa mzima mlinisikia."

Afande alikuna shingo. "Lakini... si ulisema ni redio?"

"Nilisema." Machozi yalikuwa yanamtoka yakiingia masikioni. "Aliyekuja ni huyu. Wengine wote mlikaa."

Wakamwachia. Yule mwenye rungu akalificha mgongoni kama mtoto aliyekutwa na sukari. Mtu akazima redio. Wawili wakainama kumbeba Bwana Stoo, maana gari lilikuwa limeshaitwa.

"Bado," alisema Mama Makochi.

Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, damu kwenye mdomo, na hakuna aliyeweza kupita bila yeye kupisha.

"La mwaka jana."

"Mama, mguu wangu..." alianza Bwana Stoo.

"Mguu utasubiri dakika moja. Ukifika hospitali, aibu itaisha na mdomo utaufunga. Sema sasa, hawa wote wasikie."

"Mwaka jana sikuwa na ushahidi wa kutosha."

"Hayo ni maneno ya kituoni. Sema kama mtu."

Bwana Stoo aliwatazama wale wanaume mmoja mmoja. Labda alitafuta atakayemtetea, na wote walikuwa wanatazama vigae.

"Sikukuona," alisema. "Hakuna aliyekuona. Niliibiwa, nikataka nijue ni nani, na wewe ulikuwa karibu. Nilikusingizia, Mama Makochi. Nilikupaka matope nikijua sijui."

Mwaka mzima alikuwa amefikiria siku hiyo. Alidhani atapiga vigelegele, atalala vizuri. Alichosikia ni uchovu tu, na hasira mpya, kwa sababu maneno yenyewe yalikuwa machache vile na yangeweza kusemwa mwaka jana. Akawapisha.

Walimtoa Bwana Stoo akiwa amelazwa kwenye ubao wa kitanda, mito chini ya mguu. Kwenye kizingiti aliona mlango wake, komeo linaning'inia, mbao zimepasuka. Mtu mwenye mguu uliovunjika akajaribu kuinuka.

"Ngojeni! Nyumba inabaki wazi. Sikukuu hii, nyumba wazi hivi!" Alimtafuta Mama Makochi kwa macho, akanyoosha mkono uliovimba. "Jirani yangu, dada yangu, wewe ndiye wa karibu. Nakuomba uniangalizie vyombo. Sasa nakuamini."

Wanaume wote walimgeukia. Wengine walishaanza kutabasamu. Walitaka mambo yaishe vizuri, waende kula.

"Mimi nilikuja kumtoa mtu," alisema Mama Makochi. "Vyombo lindeni wenyewe."

Akaurudia mtaimbo wake sakafuni, akauokota. Afande akavuta kiti, akakaa mlangoni, filimbi mdomoni. Mama Makochi akatoka kwa kupitia getini, katikati yao, na hakuna aliyethubutu kumsemesha.